Walioitwa Wezi wa Maboksi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umesimama vizuri kwa miguu yote miwili, na lile goti lililokuwa likilia kama bawaba ya mlango mkongwe limeanza kutulia. Namsalimu shemeji, nawasalimu watoto wakubwa kwa wadogo, na wenzako wote wa mikokoteni, hasa yule jirani yako mnayemwita Kamusi kwa kuwa hakuna neno asilolijulia maana, hata yale asiyoyajua. Mimi huku mwili hauna neno. Nakula, nalala, naenda kazini. Ya moyoni ndiyo yaliyonikalisha chini niandike, na nakuomba uisome ukiwa umekaa.

Najua utashangaa kwa nini sikupiga simu. Mwezi huu nimepiga mara tatu, utakumbuka, na kila mara uliniuliza jambo lile lile, nami nikakujibu kwamba bado naulizia. Kwenye simu uongo ni mwepesi, Dada. Unausema, ukikwama unasingizia mtandao. Kwenye karatasi neno linabaki pale pale limekukodolea macho. Ndiyo maana nimechagua karatasi.

Nianze na habari za kazi, maana sijawahi kukueleza sawasawa ninachokifanya. Huwa nasema niko ofisi ya mazingira, na wewe unawaambia watu mdogo wako ni mkubwa serikalini. Mimi si mkubwa. Nakaa ghorofa ya pili, kwenye chumba chenye meza nne na dirisha moja lisilofunguka, na kazi yangu ni jedwali. Upande wa kushoto naorodhesha mikoa yote na miji yake. Upande wa kulia naandika kila mji umerudisha kiwandani karatasi na maboksi kiasi gani kutoka majumbani, kilo ngapi kwa kila kaya. Magazeti, daftari zilizojaa, bahasha, trei za mayai, maboksi ya sabuni na ya viatu, chochote kilichochukuliwa na gari la manispaa na kupita kwenye mizani yao, kinanifikia mimi kikiwa kimekwisha kuwa namba. Mwisho wa mwaka naipanga miji kutoka wa kwanza hadi wa mwisho, na ripoti inakwenda kwa wakubwa.

Pale ofisini watu hulibishania jedwali hilo kama wanavyobishania mpira. Kuna mji mmoja wa milimani, mdogo kama kiganja, ulishika nafasi ya tatu kwa sababu mwalimu mkuu mmoja aliwafanya wanafunzi wake waone haya kuchoma daftari. Na jiji hili kubwa ninalokaa, lenye maghorofa na maboksi ya friji, lilikuwa la kumi na moja, kwa kuwa watu wa ghorofani hutupa boksi likiwa na mchuzi ndani, na boksi lenye mafuta halirudi kiwandani. Tulilicheka jiji siku nzima.

Mji wetu, Dada, ulikuwa wa mwisho. Miaka miwili mfululizo.

Bosi wetu ni mama mmoja mtu wa namba, mwenye miwani mbili, moja ya kusomea na nyingine ya kututazamia sisi. Aliniita mezani kwake akaniwekea kidole kwenye mstari wa mji wetu. Alisema haelewi. Miji jirani, huku na huku, iko katikati ya jedwali. Inakuwaje huu peke yake uwe kama hauna watu? Kwani huko hawasomi magazeti, hawanunui viatu? Kisha akasema, "Si ndiko kwenu? Wewe utajua. Niandikie aya moja ya maelezo."

Nilijua. Kabla hajamaliza kuuliza nilikuwa najua. Akilini nilikuona asubuhi ukitoka na mkokoteni wako, gari la manispaa likiwa bado limefungiwa nyuma ya geti lao. Nilimwona yule mama wa nyumba ya kona anayekufungia maboksi yake kwa utepe utadhani anampelekea mtu zawadi ya harusi. Nilikuona uani ukibandua selotepu kwa kucha, ukichomoa pini moja moja kwenye daftari, ukianika ukutani maboksi yaliyolowa, halafu ukiyakanyaga yalale bapa. Karatasi za mji wetu zote zinarudi kiwandani. Zinapitia kwenu, zinapitia ghalani, zinashindiliwa kuwa marobota, zinapakiwa. Ila hazigusi mizani ya manispaa, na kwa hiyo kwenye jedwali langu panabaki karibu na sufuri. Mji wetu haukuwa wa mwisho. Ulikuwa haujapimwa tu.

Ingetosha kuandika hivyo. Sentensi mbili, bosi angeridhika. Lakini najua angeniuliza nimejuaje, na hapo ndipo ulimi wangu ulipokwama.

Inabidi nikurudishe nyuma kidogo. Mwaka wangu wa kwanza hapa, wenzangu walikuwa wakizungumza wakati wa chai, kila mmoja akieleza alikotoka. Baba wa mmoja alikuwa hakimu. Mama wa mwingine ni muuguzi mkuu. Wakaniuliza nani amenisomesha. Nikasema dada yangu, mama yetu alipofariki dada aliacha shule ili mimi niendelee. Wakasikitika vizuri, wakaniuliza dada huyo anafanya kazi gani. Nikasema ana duka la karatasi.

Nilijiambia kwamba huo si uongo kamili. Karatasi zipo, kuuza kupo. Lakini duka lile, Dada, liliota mizizi. Baada ya miezi sita lilikuwa na rafu. Baadaye likapata mashine ya kutoa nakala na wafanyakazi wawili. Mwenzangu wa meza ya mlangoni aliniuliza kama unaweza kuiletea ofisi bahasha, nikamjibu kwamba umeelemewa na maagizo. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Mimi yangu niliirefusha kwa kuijengea duka. Na walipotania kuhusu waokota maboksi, mikono yao, harufu zao, nilicheka nao. Sikuwa nikicheka kwa sauti ya chini, Dada. Nilicheka kuwapita.

Basi nikakaa nikaandika aya ile. Ilinichukua dakika kumi. Bosi aliisoma akasema imeeleweka, nami nikaenda kunywa chai.

Miezi minne ikapita. Ndipo ikaja barua yako. Ulinieleza jinsi askari wa manispaa walivyowasubiri mlangoni mwa ghala wakakamata mikokoteni kumi na saba, na wako ukiwemo, ule aliouunda shemeji kwa magurudumu ya pikipiki mbovu. Ulisema mlidhani ni mzaha, kwa kuwa mmoja wa askari wale huwa mnamchukulia magazeti nyumbani kwake kila wiki. Ulisema Kamusi alisomewa ilani akauliza neno "mzururaji" lina maana gani, kisha yeye mwenyewe akamwambia askari, "Mzururaji ni mtu asiyejua anakokwenda. Mimi nina milango mia mbili na kumi, na naijua kwa mpangilio." Nilicheka niliposoma hapo. Sikujua nilikuwa nacheka kwa mara ya mwisho siku hiyo.

Maana ndani ya bahasha ulikuwa umenikunjia nakala ya ilani yenyewe, na chini yake umeandika kwa mkono wako: "Mdogo wangu, wewe uko huko juu. Tuulizie ni nani ametuita wezi. Hatutaki ugomvi naye. Tunataka tu aje aone."

Niliikunjua mezani kwangu, wenzangu wote wakiwepo. Ilani ilisema kwamba kwa mujibu wa ripoti ya wataalamu, "wakazi wa mji huu hawana mazoea ya kutenganisha karatasi, na kiasi kikubwa cha maboksi huibwa na wazururaji wenye mikokoteni kabla ya gari kufika."

Sikuhitaji kufika mwisho wa sentensi. Niliijua hata kwa mkato wake. Hawakubadili herufi.

Aliyewaita wezi ni mimi, Dada. Mtaalamu ni mimi. Mimi uliyenifundisha kusoma kwa magazeti yaliyotoka kwenye maboksi hayo hayo. Mimi uliyenikatia kalenda za watu nifanyie hesabu nyuma yake, nikajua kugawanya kwenye mgongo wa Februari kabla sijajua Februari ni nini. Nilihitaji neno la kuonyesha kwamba siwajui watu wale, nikachagua "wazururaji". Nilihitaji neno la kumridhisha bosi, nikachagua "huibwa". Sikufikiri kama sentensi ina miguu na inaweza kufika hadi kwenye mlango wa ghala.

Ungeniuliza kwa nini basi sikukiri siku hiyo hiyo. Nilikunja ilani nikaitia mfukoni, na jioni nikakupigia nikakwambia nitaulizia. Ulinishukuru. Uliniombea heri kazini.

Laiti ingeishia hapo. Hili linalofuata nimelirudia kuliandika mara nne na kuchana, kwa hiyo nitaliandika haraka.

Nilikuja huko. Wiki tatu baada ya barua yako, bosi alitumwa kuona amri ile ya mikokoteni inavyotekelezwa, akanichukua mimi kwa kuwa ndiye mwenyeji. Tulikuwa watatu kwenye gari, dereva, yeye na mimi kiti cha nyuma. Sikukuambia. Nilijipa moyo kwamba tutafika asubuhi tuondoke mchana, na mji si kitanda kwamba lazima mtu akugonge mguu.

Tulipofika kwenye uwanja wa manispaa nikaiona mikokoteni nyuma ya uzio, imerundikwa mmoja juu ya mwingine, magurudumu yakitazama juu. Nikaona mpini wako wa buluu. Halafu nikawaona ninyi. Mlikuwa mmesimama getini, wanawake kama kumi na wanaume wachache, kama watu waliokuja kumjulia hali mgonjwa wakaambiwa muda wa kuona wagonjwa haujafika. Wewe ulikuwa mbele. Umeshika faili la plastiki, na kilemba umekifunga kama unavyokifunga siku za mikutano ya shule yangu.

Ulilifuata gari. Uligonga kioo cha bosi kwa kifundo cha kidole, taratibu, kama mtu anayebisha hodi mahali asipojulikana. Akateremsha kioo. Ulimwamkia, ukamwomba dakika moja tu. Ukamwambia, "Sisi si wezi, mama. Kila mlango tunabisha hodi. Wanatupa kwa mikono yao." Kisha ukamfungulia faili, ndani yake mkiwa na majina ya kaya zote mnazozichukulia, mmeyaandika kwa mkono, mtaa kwa mtaa.

Mimi nilikuwa nimeinama. Nilijifanya nimeangusha kalamu chini ya kiti. Nilivaa koti jeusi, na ndani ya koti nilikuwa na lile shati la michirizi ulilonishonea nilipopata kazi. Nilikuwa natazama viatu vyangu, nikisikia sauti yako juu ya kichwa changu, kama nilivyokuwa nikiisikia utotoni nikiwa nimelala na wewe unahesabu maboksi uani.

Bosi hakuwa mtu mbaya. Alikusikiliza. Halafu aligeuka nyuma akaniuliza, "Wewe ni wa huku. Unamfahamu huyu mama?"

Nikasema, "Hapana, simfahamu."

Nilisema hivyo, Dada. Sikusema kwa kunong'ona, nilisema kwa sauti ya kazini. Sijui kama ulisikia. Sijui kama uliijua sauti. Nilisubiri useme kitu, nikasikia faili likifungwa, kisha ukamwambia bosi asante kwa kusikiliza, na ukalitakia gari letu safari njema. Gari likaingia ndani, mimi nikiwa bado naitafuta kalamu.

Tangu siku ile sijui niseme nini kuhusu nafsi yangu. Nimekuwa nikiamka na kunawa uso bila kujitazama kwenye kioo. Mwenzangu wa meza ya mlangoni alinitania kwamba nimekonda kama mtu anayedaiwa mahari, nikashindwa hata kutabasamu. Mwishowe niliomba likizo ya siku nne, nikapanda basi hadi kiwandani, huko mkoa wa mbali yanakoishia maboksi yote. Nilitaka nione kwa macho yangu, kama ulivyotaka aliyewaita wezi aone.

Pale mizanini yupo mzee mmoja anayepokea mizigo. Ana kitabu kikubwa, kila robota limeandikwa uzito wake na mji lilikotoka. Nilimwomba anionyeshe mji wetu. Aliniuliza nina uhusiano gani nao, na kwa mara ya kwanza katika miaka mitano nilijibu swali hilo bila kuongeza duka. Nilisema dada yangu anaokota maboksi huko, na ndiye aliyenisomesha. Mzee hakushangaa, wala hakusikitika. Alisema tu kwamba marobota ya mji huo ndiyo waliyokuwa wakiyapenda kuliko yote, makavu, hayana selotepu wala pini, yanayeyuka kuwa rojo safi bila kusumbua mashine. Akauliza kwa nini siku hizi hayaji.

Nilikaa pembeni ya mizani yake siku nzima nikanakili kurasa zile. Niliporudi nikaziingiza kwenye jedwali. Ukijumlisha mlichokusanya ninyi, Dada, mji wetu si wa mwisho. Ni wa pili nchi nzima. Na tangu mikokoteni ilipokamatwa, gari la manispaa halijaziba hata robo ya pengo, kwa sababu halipiti kwenye vichochoro vyenu, na watu wameanza kuchoma maboksi nyuma ya nyumba.

Nilikwenda kwa bosi na karatasi hizo. Nilimweleza yote, sentensi, duka, na garini. Nilidhani atanipigia kelele, na nadhani nilikuwa nazitaka hizo kelele. Alivua miwani ya kusomea akavaa ile ya kututazamia. Halafu akasema namba zangu za mwanzo hazikuwa na kosa, kilichoharibu ni maneno, na maneno husahihishwa na aliyeyaandika. Kuhusu la garini alisema, "Hilo si la kuniambia mimi."

Nimepewa barua ya onyo na nimeondolewa kwenye jedwali. Sasa niko stoo, naorodhesha vifaa. Wenzangu wamejua. Yule aliyetaka bahasha alinisogezea kikombe cha chai tu, na hilo lilinichoma kuliko tusi. Siandiki haya ili unihurumie. Mikokoteni yenu bado iko nyuma ya uzio, na stoo ina kivuli.

Sikilizeni basi jambo hili wewe na wenzako. Alhamisi ya wiki ijayo, saa nne asubuhi, kutakuwa na mkutano katika ukumbi wa manispaa yenu. Bosi amewaandikia kwamba watu wa mikokoteni waitwe wote na wapewe nafasi ya kusema, na faili lako lipokelewe. Hawezi kuahidi kwamba mikokoteni itarudishwa, na mimi siwezi kuahidi kwa niaba yake. Lakini ripoti ya masahihisho itasomwa, na imeamuliwa niisome mimi mwenyewe, mbele yenu na mbele ya askari wale. Inaanza kwa kusema kwamba maboksi ya mji huu hayakuibwa na mtu yeyote, na kwamba aliyeandika hivyo alikuwa anajua ukweli.

Sikuombi radhi kwenye barua hii. Radhi ya kwenye barua huombwa na mtu anayeogopa uso, na mimi uso wako nimeuogopa vya kutosha. Nitakuja kwa basi la asubuhi. Sitapitia nyumbani, isipokuwa uniite. Nitasimama pale mbele, na huenda mwenyekiti akauliza kama kuna mtu ukumbini anayenifahamu. Ukisema hunifahamu, Dada, nitainamisha kichwa niendelee kusoma, maana jibu hilo nililitoa kwanza mimi.

Nifikishie salamu kwa shemeji, na umwambie magurudumu ya pikipiki yote mawili yako salama, niliyatazama. Wabusu watoto. Goti ulikande kwa maji ya moto, usilipuuze. Wenzako nao wasomee barua hii yote kama ilivyo, na ukifika kwenye ile sehemu ya gari, usiiruke.

Ni mimi,
mdogo wako uliyemlea.